Udi usiungue: kupasha vibanzi juu ya mkaa uliozikwa majivuni

Kibanzi cha udi ukikiweka juu ya kaa jekundu, moshi utapanda papo hapo, chumba kitanukia, na baada ya dakika mbili tatu kitakachobaki ni kipande cheusi kinachonuka kama kuni. Kwa kufukiza nyumba kabla ya wageni kufika, hilo halina ubaya wowote. Ndivyo vyetezo vya pwani vinavyofanya kazi tangu zamani. Lakini udi mzuri, ule unaopimwa kwa tola na kufungwa kitambaani kama dhahabu, una harufu nyingi ambazo moshi huzimeza zote. Ukizitaka, kibanzi kisiungue. Kipate joto tu, polepole, utomvu wake utoke kama mvuke na mti wenyewe ubaki haujageuka mkaa.

Kinachofanya kazi hiyo ni majivu. Kaa huzikwa, majivu yakapunguza ukali wa moto, juu yake kikakaa kisahani chembamba, na juu ya kisahani kibanzi. Wajapani wameikuza njia hii ikawa sanaa kamili waiitayo kodo, na wao hawasemi kwamba wananusa udi: kitenzi chao ni kile kile cha kusikiliza. Mswahili hana haja ya kuelezwa zaidi. Nasi harufu tunaisikia.

Udi gani unaofaa

Jina udi limebeba vitu vingi. Kuna vijiti vya dukani, ambavyo mara nyingi ni unga wa mbao uliotiwa manukato ya kiwandani. Kuna udi wa kupika, ambao vipande huchanganywa na sukari, sandali, mafuta ya waridi na miski. Kuna hata udi wa taarabu, ala ya nyuzi, ambao jina lake limetoka kwenye neno lile lile la Kiarabu lenye maana ya mti. Huo usiutie motoni. Hapa tunazungumzia udi wa mti, vibanzi vitupu visivyopakwa kitu. Udi wa kupika haufai kabisa kwenye kisahani: sukari huyeyuka, ikaganda, kisha ikaungua na kutoa uchungu unaofunika kila kitu. Upeleke kwenye chetezo cha kawaida, huko ndiko kwao.

Udi hutoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria, inayoota kuanzia Assam na Bangladesh hadi Vietnam, kusini mwa China, Malaysia na Indonesia, na kwenye ndugu yake Gyrinops. Mti mzima, usio na jeraha, una mbao nyeupe, nyepesi, zisizonukia chochote. Ukijeruhiwa na kuvu wakaingia jerahani, hujikinga kwa kujaza utomvu mzito wa rangi ya kahawia au nyeusi, na sehemu hiyo iliyojaa ndiyo udi. Jambo hili lina maana kubwa kwa anayepasha. Harufu yote imo katika utomvu. Mbao nyeupe iliyobaki pembeni ya kibanzi haichangii kitu ila harufu ya kuni. Ikate uitupe kabla hujaanza.

Wauzaji wa Ghuba huupanga udi kwa nchi. Wa Hindi huwa mkali, wenye kitu cha ngozi na zizi la ng'ombe, na anayeusikia mara ya kwanza huweza kukunja uso. Wa Kambodi huwa mtamu, kama tunda lililokaushwa. Wa visiwa vya Indonesia huwa wa baridi kidogo, una udongo na mzizi ndani yake. Majina haya ni ya sokoni, na muuzaji akiwa na haja ya kuuza atakupa lolote unalotaka kusikia, kwa udi na uvumba. Kwa hiyo tazama kibanzi chenyewe. Udi wa kweli una mistari: meusi yamepita ndani ya kahawia bila mpango, upande mmoja mzito kuliko mwingine. Kibanzi cheusi ti pande zote, kinachong'aa na kuacha rangi kwenye vidole, kimepakwa. Usitegemee jaribio la kuzama majini peke yake, maana vipo vilivyotiwa uzito makusudi. Moto wa chini ndio unaoumbua. Udi wa kweli huanza kimya, ukafunguka kadiri joto linavyopanda, na ukiutazama vizuri utaona utomvu ukichemka kwa viputo vidogo pembezoni. Uliopakwa hulipuka kwa harufu dakika ya kwanza, na ya tano unanuka mbao mbichi au plastiki.

Usinunue vipande vikubwa vya bei ghali kwa kazi hii. Tola moja ni gramu 11.66, na kipashio cha majivu kinataka gramu 0.1 tu kwa mara moja, yaani kipande cha ukubwa wa nusu ya ukucha wa kidole kidogo. Hesabu mwenyewe: tola moja inavuka mara mia. Nusu tola ya udi mzuri itakufaa kuliko nusu kilo ya udi wa chini. Na kama unaubeba kutoka Muscat au Dubai, ujue kwamba Aquilaria na Gyrinops zote zimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na msamaha wa mizigo binafsi unaishia kilo 1 ya vibanzi na mililita 24 za mafuta kwa mtu mmoja. Baadhi ya nchi zina masharti makali kuliko hayo.

Chombo na kisahani

Chetezo cha udongo au cha shaba chenye kikombe kifupi hakina kina cha kutosha. Unahitaji chombo chenye mdomo wa sentimita 7 hadi 9 na kina kisichopungua sentimita 7: kikombe kinene cha kauri kisicho na mkono, kijungu cha udongo, au bakuli dogo la kauri lenye kuta zilizosimama. Bilauri usiijaribu, itapasuka. Chini yake weka kigae au kibao, kwa sababu kitako cha chombo hupata moto baada ya nusu saa, na kitambaa cha meza cha plastiki hakivumilii.

Kisahani bora ni cha ulanga, yale madini yanayobanduka kama kurasa. Kata mraba wa sentimita 2.5, ukiwa mnene, ingiza ncha ya wembe pembeni uubandue mpaka ubaki mwembamba kama kadi ya simu au zaidi ya hapo. Ulanga unavumilia moto, hauna harufu yake mwenyewe, na hupitisha joto taratibu, na utaratibu huo ndio unaoutafuta. Tahadhari moja: karatasi za ulanga za vipuri vya maikrowevu zimeshikanishwa kwa gundi, na gundi hiyo hutoa harufu ikipata moto. Ukizitumia, zichome kwanza kando, juu ya mkaa mtupu, mpaka ziache kunuka.

Ulanga ukikosekana, kunja foili ya jikoni mara mbili, kata mraba wa sentimita 3 na uinue kingo kidogo. Inafanya kazi, ila hupitisha joto haraka sana, kwa hiyo ongeza majivu milimita 3 juu ya kipimo kitakachotajwa huko chini. Foili pia hutupwa baada ya mara mbili tatu, kwani utomvu hugandamana nayo.

Vingine unavyo nyumbani: koleo la kushikia kaa, kibano cha nyusi cha kushikia kibanzi, uma wa zamani wa kutifulia majivu, kijiko, na sindano ya kufumia au msumari mrefu wenye unene wa milimita 3. Unyoya wa kuku hufuta majivu mdomoni mwa chombo vizuri kuliko kitambaa.

Majivu

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na hapa ndipo kazi inapoharibikia. Majivu yana kazi mbili zinazogombana. Yanatakiwa yazuie joto lisimfikie kibanzi kwa ukali, na wakati huo huo yapitishe hewa ili kaa lisife. Yakiwa mazito na yenye unyevu, kaa linazimika ndani ya dakika kumi. Yakiwa na chembe kubwa na mawe, joto linapita mahali pamoja kama maji kwenye ufa.

Majivu ya jiko la mkaa yanatosha, mradi jiko hilo halijachomewa plastiki, makaratasi yenye wino wala kumwagiwa mafuta ya taa au mchuzi. Chukua yale meupe tu. Yapitishe kwenye chujio la chai, kisha kwenye kitambaa chepesi cha pamba, mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Funga mdomo na pua kwa kitambaa unapochekecha, vumbi lake si la kuvuta. Majivu ya maganda ya mpunga ni mepesi zaidi na yana hewa nyingi ndani yake. Mwenye mashine ya kukobolea karibu ana bahati. Lakini lazima yawe yameungua mpaka yakawa meupe au ya kijivu. Maganda yaliyo meusi bado ni mkaa: yatashika moto yenyewe chini ya kisahani, na hutajua kwa nini joto linapanda bila kuguswa.

Ukishachekecha, yakaange. Weka majivu kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukoroge dakika 15. Pwani hasa, ambako hewa ina maji mwaka mzima, majivu yaliyokaa wiki moja bila kufunikwa yanakuwa yamekunywa unyevu, na unyevu huo huinuka na joto ukafika kwenye kibanzi kama mvuke wenye harufu ya ukuta uliorowa. Ukiyaacha yapoe, yatie kwenye kopo lenye kifuniko. Kipimo cha chombo kimoja ni kama vikombe viwili vya chai.

Kaa

Chagua kipande kimoja cha mkaa wa mti mgumu, sentimita 2 kwa 2, kisicho na nyufa. Mkaa wa mti laini huisha upesi na kuruka cheche. Makaa ya vifuu vya nazi yanayouzwa kwa ajili ya shisha, yale ya mraba ya sentimita 2.5, ni mazuri sana: hayana harufu, yana ukubwa unaolingana, na hudumu. Yana moto mwingi, kwa hiyo yapasue nusu.

Yale makaa ya duara yanayowaka yenyewe kwa kiberiti yaache. Yametiwa shura ili yashike haraka, na harufu ya baruti inayotoka humo hairuhusu udi wa bei kusikika. Kama huna kingine, yaache yawake mpaka yageuke kijivu yote kabla ya kuyazika. Harufu itapungua, haitaisha.

Washa kaa kwenye jiko la gesi juu ya wavu, au katikati ya makaa ya jiko la kawaida. Usimwagie mafuta ya taa. Mkaa wa mti huchukua dakika 5 hadi 8, wa vifuu 10 na ushee, na lazima ugeuzwe. Kaa lililo tayari limevaa majivu ya kijivu pande zote sita, halina doa jeusi, halina mwali, na ukilisogeza karibu halinuki chochote. Doa jeusi likibaki, huo upande utatoa moshi chini ya majivu, na utausikia kwenye udi. Subira ya dakika mbili hapa inaokoa saa nzima mbele.

Fungua dirisha kabla hujawasha. Mkaa, hata mdogo, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu waliolala vyumba vilivyofungwa. Usipashe udi kitandani ukiwa umefunga kila kitu, na usiache kaa chumbani ukilala kwa sababu "limezikwa". Feni usiiwashe, inatawanya harufu na kulichochea kaa. Upepo mdogo wa dirishani unatosha. Mwenye pumu akae mbali na chombo, au atumie kipashio cha umeme.

Kuzika kaa na kujenga kilima

Jaza chombo majivu mpaka yabaki sentimita 1.5 kufika mdomoni. Yatifue kwa uma kutoka chini kwenda juu, mara ishirini au zaidi, ili hewa iingie. Usiyashindilie, wala usigongegonge chombo mezani ili yakae sawa; yakishakaa sawa hewa imetoka. Kisha chimba shimo katikati lenye kina cha sentimita 3, weka kaa ndani kwa koleo, na uliache wazi dakika 5. Muda huu majivu yanayolizunguka yanapata joto. Ukilifunika papo hapo, majivu baridi yatalinyonya joto lote na litasinzia.

Sasa lifunike. Kokota majivu kutoka pembeni kwa mgongo wa kijiko, ukizungusha chombo, mpaka pajengeke kilima chenye mteremko mpole na kilele katikati. Juu ya kaa pawe na majivu ya sentimita 1 hadi 1.5. Lainisha kwa kijiko bila kukandamiza. Wajapani huchora mistari kwenye mteremko huo kwa ustadi wa ajabu. Mistari hiyo haibadilishi joto, ni ya macho.

Chukua sindano, itie wima kutoka kileleni mpaka iguse kaa, kisha itoe. Tundu hilo la milimita 3 ndilo pua ya kaa: hewa huingia kwa humo na joto hupanda kwa humo. Usiposikia kwamba sindano imegusa kitu kigumu, tundu lako limepita kando, na kisahani kitakaa juu ya majivu baridi. Ukichungulia gizani, uone wekundu chini.

Kupima joto

Mkaa unaowaka huzidi nyuzi 500 za Selsiasi, na udi hauhitaji hata nusu ya hizo. Vipashio vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili yake hufanya kazi kati ya nyuzi 100 na 200 na kitu. Kipima joto si lazima. Weka kiganja sentimita 5 juu ya kilele. Ukiweza kuhesabu mpaka tano kwa raha kabla ya kutaka kuondoa mkono, uko karibu. Ukiondoa ukifika mbili, moto ni mwingi. Ukifika kumi unajiuliza kama kaa lipo, ni mdogo.

Kisha weka kisahani cha ulanga sawasawa juu ya tundu, kilale bila kuinama, ukiache dakika 3, na juu yake weka kipande cha karatasi nyeupe isiyo na wino, kama punje ya mchele. Karatasi ikianza kugeuka kahawia ndani ya dakika moja, udi wako nao utaungua. Inua kisahani, ongeza majivu milimita 3, toboa tundu upya. Karatasi ikibaki nyeupe baada ya dakika 3, anza.

Majivu yana uzito wa kuelewa: ukibadilisha kitu leo, jibu linakuja baada ya dakika tano. Anayeongeza na kupunguza kila dakika hukimbizana na moto usiku kucha. Badilisha kidogo, subiri, ndipo uamue.

Kibanzi juu ya kisahani

Pasua udi kwa kisu kizito kufuata mishipa ya mti, ukigonga mgongo wa kisu kwa nyundo ndogo. Unataka kibanzi chembamba cha milimita 1 hadi 2, chenye upande mmoja bapa. Kipande cha mviringo hugusa kisahani kwenye nukta moja, kikaungua hapo na kubaki baridi kwingine. Vumbi linaloanguka wakati wa kupasua lihifadhi, ila usianze nalo. Unga hutoa harufu yote mara moja.

Weka kibanzi kwa kibano, upande wenye utomvu mwingi ukiangalia chini. Dakika mbili za kwanza huenda usisikie kitu, na hapo ndipo mkono unapowasha kuongeza moto. Uzuie. Harufu nyepesi hutangulia, tamu, wakati mwingine kama asali au tunda. Baada ya dakika kumi hivi hufuata zile nzito, mzizi, ngozi, viungo, na uchungu wa kupendeza. Mwishoni kabisa huja kitu kama korosho za kukaanga, ishara kwamba utomvu unakaribia kuisha. Kibanzi cha gramu 0.1 kwenye moto sahihi hudumu dakika 30 hadi 60.

Harufu hii haijazi nyumba kama moshi wa chetezo. Unaifuata, haikufuati. Shika chombo kwa kiganja cha kushoto kama kitako hakijawa moto (kikiwa moto, kiache mezani uiname), kinga mdomo wake kwa mkono wa kulia ukiacha nafasi upande wa dole gumba, sogeza pua hapo, vuta pumzi moja ndefu, kisha geuza uso pembeni kutoa pumzi. Ukipumulia ndani utapeperusha majivu usoni. Pumzi tatu, halafu mpe mwenzio. Pua huchoka haraka. Ukikaa umeinamia chombo dakika tano mfululizo utadhani udi umekwisha, kumbe ni pua iliyozoea. Toka nje kidogo, rudi.

Siku hiyo usijipake manukato, wala kusiwe na vitunguu vinavyokaangwa chumba cha pili.

Yanayoharibika, na sababu zake

Moshi ukionekana, hata uzi mwembamba, moto umezidi. Sogeza kibanzi kutoka katikati ya kisahani kwenda ukingoni. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Moshi ukiendelea, kiondoe na uongeze majivu. Kilichokwisha kuwa cheusi hakirudi, kiweke kando.

Harufu ilikuja vizuri kisha ikakatika baada ya dakika kumi: kaa limekosa hewa. Ama tundu limeziba kwa majivu yaliyoporomoka, au kisahani kimelifunika tundu sawasawa mpaka hewa haina pa kuingilia. Toboa tena, na safari hii ongeza matundu mawili ya pembeni, nusu ya mteremko, yakielekea kwenye kaa. Kama kaa limekufa kabisa hata baada ya kutoboa, majivu yana unyevu au yameshindiliwa. Hakuna dawa ya haraka, yamwage uyakaange.

Harufu ya uchachu au ya kabati lililofungwa mwanzoni, kisha ikapita, ni unyevu wa kibanzi chenyewe. Vibanzi vya kupasha leo viache jana yake kwenye sahani mahali pakavu, visianikwe juani.

Ukisikia harufu ya kuni tangu mwanzo bila moshi kuonekana, mbao nyeupe haikukatwa vizuri, au udi una utomvu mchache. Udi mwingi wa mashambani, uliovunwa kutoka miti michanga, uko hivyo. Huo haupendezi kwenye kisahani kwa muda mrefu. Ufaidi dakika kumi za mwanzo, kisha utoe.

Na kama joto linapanda lenyewe kwa kipindi kizima, tazama kilima. Kaa likigeuka majivu na kupungua, joto hushuka. Lakini majivu yenye vipande vya mkaa usioungua hushika moto yakawa kaa la pili. Yachekeche upya.

Nguo na nywele

Kwa kufukizia nguo kisahani hakina nguvu. Ondoa ulanga, punguza majivu mpaka yabaki milimita 3 hadi 5 juu ya kaa, weka vibanzi viwili vitatu moja kwa moja juu ya majivu hayo, na ufunike chombo kwa tenga la fito lenye urefu usiopungua sentimita 50. Tandaza kanga au kanzu juu ya tenga kwa dakika 10, ukiwa umekaa hapo hapo. Pamba na hariri hushika harufu siku kadhaa. Vitambaa vya nailoni hushika kidogo na huyeyuka kwa cheche moja. Nywele zikiwa na unyevunyevu hushika vizuri zaidi kuliko zilizokauka.

Vibanzi vilivyomaliza kazi kwenye kisahani na bado ni vya kahawia vinafaa hapa. Viweke kwenye chupa yao, mbali na vipya. Vikishafukiziwa nguo vikawa vyeusi, tena ndipo vya kutupwa.

Baada ya kazi, acha kisahani kipoe, kwangua mabaki kwa ukucha, futa kwa pamba yenye spiriti. Madoa ya kahawia yatabaki, hayana neno. Vibanzi vipya vihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, kabatini, si jirani na ubani, karafuu wala kahawa. Kaa lililobaki lichimbue kwa koleo ulitie kwenye maji, kwa sababu chini ya majivu linaweza kukaa hai saa mbili zaidi ya unavyodhani, na majivu yenyewe uyarudishe kopo yakishapoa kabisa, kesho yake.